Mizania ya Bibi

Baba alirudi nyumbani mchana, jua likiwa kichwani, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mama anyanyue mguu kwenye kanyagio la cherehani. Fundi boila wa zamu ya asubuhi harudi saa kama hizo. Hurudi jua limelegea, ananuka mafuta na sabuni, anauliza kama maji ya kuoga yapo, kisha anaanza kulalamikia miguu. Leo alisimama mlangoni, amevaa shati kuukuu ambalo miaka yote lilikuwa linaning'inia kwenye msumari kiwandani likingoja siku za mvua. Mkononi alikuwa na chombo chake cha chakula, na mfuniko haujafunguliwa.

"Mbona mapema?" mama akauliza. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Bibi kaharibika?"

"Bibi mzima. Amepumzishwa." Aliinama kuvua viatu, akakawia na kamba kuliko kawaida. "Na sisi tumepumzishwa naye."

Bibi ni boila la zamani la kiwanda cha sabuni, tangi la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke. Wafanyakazi walimpa jina hilo siku kiwanda kiliponunua boila la pili, jipya, linalong'aa, ambalo halikukawia kuitwa Bi Harusi. Baba alikuwa mtu wa Bibi. Kila asubuhi kabla ya kumwasha alimgonga ubavuni na mpini wa spana, akasema, "Shikamoo, Bibi," akasubiri. Mvuke ukishapanda, vali ya juu hupiga mluzi mwembamba, naye huwageukia wenzake na kusema, "Kaitikia." Asubuhi za baridi Bibi alikawia kuitikia, na baba hakuwa na haraka. Ni kwa mchezo huo kiwanda kizima kilimwita Mzee Mvuke.

Mama alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Ovaroli yako iko wapi?"

"Imebaki. Mlinzi kasema ni mali ya kiwanda."

"Nilikushonea jina mfukoni. Kwa uzi wangu."

"Nalo limebaki."

Mama akarudisha mguu kwenye kanyagio, lakini hakukanyaga. Sketi ya shule aliyokuwa akiishona ilikaa chini ya sindano, nusu ina pindo, nusu haina. Baba akaingia ndani, akaweka chombo cha chakula mezani, na kwa kuwa hakujua mtu hufanya nini nyumbani saa kama zile, akakaa.

Nyuma ya pazia, katika chumba alicholala na mdogo wake, binti yao mkubwa alikuwa amesikia kila neno. Huyo ndiye waliyemwita Injinia tangu siku alipochaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea uhandisi wa kemikali, na sasa alikuwa mwaka wa mwisho, amebakiza kitu kimoja tu: kuutetea mradi wake mbele ya wahadhiri. Michoro ya mradi ilikuwa imetandazwa kitandani. Alikuwa ameshika rula. Alielewa kabla ya mama yake kuelewa, maana aliyempumzisha Bibi hakuwa mtu mwingine. Alikuwa yeye.

Alingoja uchungu uje, haukuja. Alisikia ganzi tu, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu.

* * *

Ukitaka kujua jinsi jambo hili lilivyotokea, lilitokea mezani, wakati wa kula, watu wakicheka.

Tangu binti aingie chuo, baba hakuwa amepata mlango wa kuingilia katika masomo yake. Vitabu vilikuwa vinene na lugha yake ngumu. Alivipokea kwa mikono miwili, akavitazama, akavirudisha taratibu kama mtu aliyepewa ambebee mgeni mtoto. Alichoweza ni kujisifu kwa wenzake tu, na hilo alilifanya sana. Kisha binti akahitaji pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, baba akamwombea kwa meneja, akapokelewa kiwandani pale pale. Kwa mara ya kwanza baba akawa na kitu ambacho Injinia alikihitaji.

Alimmwagia chote. Kila jioni binti aliuliza, baba akajibu na tonge mdomoni. Maji yanaingia ya baridi kiasi gani, mafuta yanaungua vipi Bibi akiwa na kazi na akiwa hana. Alimweleza hata mambo ambayo hakuulizwa, kwa sauti ya umbea: kwamba mvuke ukishapika sabuni hugeuka maji, na maji hayo yanatoka bado ya moto, yanamwagwa mferejini, wapakiaji wakaoshea miguu. Kwamba siku nyingi Bibi anachoma mafuta kwa kazi moja tu ya kuchemsha maji mapya ya baridi. "Bibi anapika maji, Bi Harusi anapika sabuni," alisema, na wote wakacheka.

Injinia hakucheka sana. Alivuta karatasi, akachora kisanduku, akachora mishale ya vinavyoingia na mishale ya vinavyotoka, kisha akazungushia vyote mstari wa nukta. Mstari huo ndio mpaka wa mfumo, akawaeleza. Kila kinachovuka mpaka kuingia lazima kionekane kikitoka, ama kibaki ndani. Ndiyo mizania. Ni somo la kwanza kabisa mwaka wa kwanza, na bila hilo hakuna uhandisi wa kemikali.

Baba akapinda shingo aione vizuri. "Na mimi niko wapi hapo?"

"Wewe huingii wala hutoki, Baba."

Mdogo wake Injinia, kitindamimba wa nyumba ambaye mdomo wake hauna breki, aliyatia maneno hayo kibindoni. Kwa wiki nzima baba akichelewa kutoka chooni alisikia nje ya mlango: "Haingii wala hatoki!" Baba mwenyewe alicheka mpaka akakohoa.

Mizania ilipokamilika ilisema jambo rahisi. Yale maji ya moto yakirudishwa kwenye tangi badala ya kumwagwa, Bi Harusi anatosha peke yake. Injinia alilisema hilo katika ukumbi mdogo wa kiwanda, mbele ya meneja na wakuu wa idara, amevaa suti aliyoshonewa na mama. Walimpigia makofi. Alitoka pale akifikiria mabomba, pampu, joto la maji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na mwanafunzi mzuri haangalii nje ya mstari wa nukta.

* * *

Jioni ya siku ile walikula kwa sauti ya vijiko. Kitindamimba alijaribu kusimulia kisa cha mwalimu wake, akaona hakuna anayemsikiliza, akaacha katikati.

"Lakini wamesema nini hasa?" mama akauliza. "Mtu hafukuzwi hivi hivi."

"Hatujafukuzwa. Wamesema kuna utafiti umefanyika. Bibi hana kazi tena. Wala mimi, wala msaidizi wangu, wala yule wa zamu ya jioni."

"Utafiti." Mama alilitamka neno kama mtu anayetema mfupa. "Nani kaufanya?"

Baba akanywa maji. "Wataalamu."

"Wataalamu gani? Wana majina?"

"Mama, mwache ale," akasema Injinia.

"Namwacha. Mimi namuulizia huyo mtaalamu tu. Mtu ana shule yake, ana tai yake, anakuja siku mbili, anatia mchanga kitumbua cha wenzake, anakwenda zake." Mama aliisukuma sahani. "Na chake kiingie mchanga vile vile. Yeye na shule yake. Asome mpaka mwisho, asile matunda yake."

Baba aliweka kikombe chini. "Usiseme hivyo."

"Nisiseme? Miaka yako yote uliyokaa kwenye lile joto, nisiseme?"

"Mtaalamu kafanya kazi yake."

Injinia aliendelea kula. Alitafuna, akameza, akachukua tonge jingine, maana mikono yake ilijua cha kufanya na yeye mwenyewe hakujua. Alikuwa akingoja baba amtazame. Baba hakumtazama, na binti akalichukulia hilo kwamba hajui. Alidhani siri ni yake peke yake.

* * *

Mlinzi wa lango la kiwanda alikuwa amezoea kumwita mtoto wa Mzee Mvuke na kumtania kuhusu mahari. Siku Injinia aliporudi pale, mlinzi alisimama wima. "Karibu, madamu," alisema, akamfungulia lango dogo, akaangalia pembeni. Nyuma yake, kwenye kibanda, ovaroli tatu zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti. Ya juu ilikuwa imefumuliwa jina mfukoni. Uzi wa bluu ulikuwa bado umeng'ang'ania herufi moja.

Meneja hakumngojesha. Alimpokea kwa mikono miwili, akamwagizia soda, akamwambia mafundi wa mabomba wanaanza kazi wiki hiyo hiyo. Alikuwa mtu mchangamfu, tena mwema kwa kadiri ya nafasi yake. Injinia alingoja amalize.

"Nimekuja kuhusu baba yangu," alisema. "Nilikuwa naomba awekwe kwa Bi Harusi."

"Bi Harusi ana vitufe viwili na kijana mmoja, na huyo kijana muda mwingi anasinzia." Meneja alitabasamu, akaona binti hatabasamu, akaacha. "Ningekuwa na nafasi ningempa. Mzee wako ni mtu safi."

"Basi ule mradi uahirisheni. Semeni hesabu zinatazamwa upya."

"Zina kosa?"

Angeweza kusema ndiyo. Alilitafuta kosa lolote usiku mzima kichwani, hata dogo la desimali, na hakulipata. "Hazina," alisema.

"Nilijua hazina." Meneja aliegemea kiti. "Nikwambie kweli? Mimi siamini miradi ya wanafunzi. Ninayo kabati imejaa. Baada ya wewe kuondoka nilimwita mzee wako hapa hapa ulipokaa. Nikamwambia, mzee, mtoto anasema maji yakirudishwa Bibi hana kazi. Wewe ndiye unayemjua Bibi. Ukisema hapana, mimi sigusi kitu. Anasema kweli, hasemi kweli?"

Injinia alishika chupa ya soda. Ilikuwa baridi, aliiona imetoka jasho, lakini baridi yenyewe hakuisikia.

"Alijifuta mikono kwenye ovaroli," meneja akaendelea. "Halafu akasema, mtoto anasema kweli. Nikamuuliza kama anaelewa maana yake. Akasema anaelewa. Nilidhani mmezungumza nyumbani."

"Hatukuzungumza."

"Aa." Meneja alihamisha kalamu kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. "Basi sikiliza. Ukishahitimu, njoo. Tunahitaji kichwa kama chako hapa. Nafasi ipo."

"Nafasi ipo," Injinia alirudia, bila maana yoyote, kama mtu anayerudia jina la kituo asichoshukia. Alishukuru kwa soda. Hakuwa ameinywa.

* * *

Alipofika nyumbani mama alikuwa cherehani, baba amekaa karibu naye akimtolea nyuzi kwenye nguo zilizoisha. Alikuwa akizitoa moja moja kwa uangalifu mkubwa, na mama alikuwa akimpa hata zile zisizohitaji. Kitindamimba alikuwa shule.

Injinia hakukaa. Aliona akikaa atanyamaza. "Mama, huyo mtaalamu ni mimi."

Cherehani ikaenda hatua chache peke yake, ikasimama.

"Mtaalamu gani?"

"Wa utafiti. Ni mradi wangu wa chuo. Ile siku ya suti."

Mama alimtazama bintiye, akageuka kwa mumewe, akamkuta ameinama kwenye pindo la sketi akitafuta uzi ambao haukuwepo. Hapo akaelewa. "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Umekaa mezani, umenisikia nikisema yale yote, unajua ni huyu."

"Nilikwambia usiseme."

"Meneja alimwita akamuuliza," Injinia akasema. Sauti yake ilikuwa tambarare, na hilo lilimtisha mama kuliko kilio. "Angesema hapana, angebaki kazini. Wote watatu wangebaki. Kwa nini hukusema hapana, Baba?"

Baba aliweka sketi chini. Hakuwa mtu wa maneno marefu nje ya habari za boila. "Waliniuliza kama mtoto wangu anasema kweli au anasema uongo," alisema. "Ningewajibu nini?"

Nje muuza maji alipita akigonga madumu yake, akapotea.

"Siendi kuutetea," Injinia akasema. "Nitaacha. Mwaka mmoja, au kabisa. Nitafute kazi."

"Ukiacha, Bibi atawashwa?"

"Hapana."

"Basi utakuwa umenipumzisha bure." Hakusema kwa ukali. Aliokota sketi, akaikung'uta. "Utakwenda. Mimi na Bibi tumeshalipa nauli."

Mama aliinuka, akampita binti, akaenda hadi jikoni. Walisikia akifungua bomba na kulifunga. Aliporudi mikono yake ilikuwa imelowa, na alimshika Injinia viganja vyote viwili, akavibana kana kwamba anavifua.

"Yale niliyosema mezani nimeyarudisha," alisema. "Yote. Ya mchanga na ya matunda. Umesikia? Nimeyarudisha mdomoni mwangu mwenyewe."

"Nimesikia, Mama."

"Sijui kama yanarudi. Lakini nimeyarudisha." Kisha akaketi, akakanyaga, na sketi ikaendelea. Hasira yake haikuwa imekwisha. Ilikuwa imekosa tu mtu wa kumwendea, na hasira ya namna hiyo humkaa mtu mwilini mpaka ikageuka maumivu ya mgongo.

* * *

Siku ya kuutetea mradi Injinia alivaa suti ile ile. Ukumbi wa idara ulikuwa na viti vingi kuliko watu. Mbele walikaa wahadhiri watatu: msimamizi wake, mwanamke mmoja kutoka idara jirani, na mwenyekiti wa jopo, mzee mpole mwenye chaki kwenye mfuko wa koti. Wanafunzi wenzake walikaa nyuma wakimtakia heri kwa vidole gumba.

"Tuanze na mchoro," mwenyekiti akasema. "Uchore ubaoni, tuone kama umo kichwani."

Ulikuwa kichwani. Alichora kisanduku kimoja cha Bibi na kingine cha Bi Harusi. Akachora mishale ya maji, mafuta, moshi, mvuke, na mshale mpya wa maji ya moto yanayorudi. Akavizungushia mstari wa nukta, nukta kwa nukta. Kisha, nje kidogo ya mstari, karibu na Bibi, akachora kichwa kidogo, kiwiliwili, mikono miwili na miguu miwili.

Wenzake walicheka kidogo. Mwenyekiti alisogeza miwani. "Hicho ni nini?"

"Mwendeshaji."

"Haya." Mzee alikuwa na mzaha wake. "Anaingia au anatoka?"

"Ametoka," Injinia akasema.

Msimamizi wake, aliyejua kwamba mwendeshaji huyo ni baba yake, aliacha kuandika. Alimtazama kwa muda, kisha akatazama dirishani, na Injinia akaona kwamba hatasema kitu. Mwanamke wa idara jirani alikuwa akifunua kurasa.

"Mizania haina watu, binti yangu," mwenyekiti akasema, kwa upole wa kweli. "Ni swali zuri, lakini lina idara yake. Hapa utampima kwa kipimo gani? Mfute tuendelee."

Alishika kifutio. Alisimama nacho mbele ya ubao kwa muda ambao wenzake waliuona mrefu, na yeye hakuuona wowote. Alijua akikataa atafeli, na baba atakuwa ametoka bure. Alijua akifuta atakuwa amemfuta mara ya pili, na safari hii akimwona. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake, mazito sawasawa, na hakuna lililosogea.

Akafuta. Kichwa kilitangulia, miguu ikafuata. Palibaki doa jeupe ambalo halikusumbua mtu.

Baada ya hapo alijibu kila alichoulizwa. Alijibu kuhusu joto, kuhusu shinikizo, kuhusu mafuta yatakayookolewa, na mwenyekiti akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu anayesikiliza muziki. Walipomaliza walimpa mkono mmoja mmoja. Mradi bora wa mwaka, walisema. Wenzake walimbeba hadi mlangoni. Alicheka pale ilipobidi. Suti ilikuwa na chaki begani, na hakuna mtu aliyemwambia.

Alifika nyumbani jua limelegea, saa zile ambazo zamani baba alikuwa akirudi. Ndani cherehani ilikuwa ikienda. Baba alikuwa kwenye benchi la nje, amenawa, amevaa lile shati la siku za mvua, anatazama barabara ya kiwandani. Juu ya paa za mbali moshi ulikuwa mmoja badala ya miwili.

"Shikamoo, Baba."

Hakuitikia. Injinia alisimama pale na mkoba wake. Hakurudia. Alisubiri tu, kama baba mwenyewe alivyokuwa akisubiri asubuhi za baridi na mpini wa spana mkononi.

"Marahaba," baba akasema mwishowe. "Wamekupitisha?"

"Wamenipitisha."

"Waliona kosa lolote kwenye hesabu?"

"Hawakuona."

Baba akatikisa kichwa taratibu, macho bado kwenye moshi.

"Nilimwambia meneja," alisema, akasogea pembeni kwenye benchi ili binti apate pa kukaa.